Mwendo wa Nyakinywa

Waikizu wa mkoa wa Mara husimulia kwamba mtemi wao wa kwanza alikuwa mwanamke, na kwamba alikuja kwa miguu kutoka Kanadi. Kanadi ilikuwa mojawapo ya temi za mashariki ya Usukuma, jirani ya Itilima na Ntuzu. Nchi hiyo leo ni sehemu ya mkoa wa Simiyu, na ndani ya mkoa huo imo kata ya Nkoma, ambayo zamani ilihesabiwa Bariadi na sasa iko wilaya ya Itilima, upande unaoelekea Pori la Akiba la Maswa. Mwanamke huyo aliitwa Nyakinywa. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na wanahistoria wawili wa huko huko Ikizu, P. M. Mturi na S. Sasora, zikachapishwa mwaka 2003 katika kitabu *Telling Our Own Stories*, kilichohaririwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler. Humo maandishi ya Kiswahili yamewekwa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

Wengi waliowahi kuishughulikia simulizi hii wameichukua kama ushahidi: ushahidi wa chimbuko la koo, wa utemi, wa ujuzi wa mvua. Mimi nataka kuisoma kama kazi ya sanaa na kuuliza imejengwaje. Naamini fani yake ndiyo inayobeba jambo kubwa kuliko yote yaliyomo, nalo ni kwamba nchi iliyo kati ya Kanadi na Ikizu ni nchi ya kupita. Ramani zetu za hifadhi hulisema jambo hilo waziwazi kuhusu nyumbu. Kuhusu watu zimelisahau.

Kisa chenyewe, katika kiini chake, ni kifupi. Nyakinywa anatoka Kanadi na wenzake. Wanakwenda, wanapumzika, wanakwenda tena, hadi nchi ya mlima Chamuriho, ambako anamkuta mwindaji aitwaye Isamongo. Isamongo ana siri ya moto, Nyakinywa ana siri ya mvua. Wanapimana nguvu, mvua inaushinda moto, na mgeni anakuwa mtemi wa wenyeji. Matoleo ni mengi na yanatofautiana katika mambo kadhaa, lakini mifupa ni hiyo: mwendo mrefu kwanza, pambano fupi baadaye.

Tuanze na kitenzi, maana ndiko fani ya safari inakokaa. Simulizi ya namna hii kwa Kiswahili hutembea kwa -ka-. Chukua mfano huu, ambao ni wangu wala si wa Mturi na Sasora: walitoka Kanadi, wakavuka mto, wakalala, kulipokucha wakaondoka, wakafika mlimani. Kitenzi cha kwanza ndicho chenye wakati wake. Vinavyokifuata vimeazima wakati huo, na kila kimoja kinasimama juu ya kilichokitangulia. Ukiondoa “wakavuka mto”, basi “wakalala” inabaki haina mahali: walilala ng'ambo ipi? Msimulizi hana ruhusa ya kuruka. Wala hawezi kumwonyesha msikilizaji mlima kabla wasafiri hawajaufikia, kwa sababu sentensi yenyewe bado iko njiani. Msikilizaji anaijua nchi kwa kadiri miguu ya wasafiri inavyomfunulia, na anaijua kwa mpangilio ule ule.

Hili si jambo dogo la sarufi. Maana yake ni kwamba katika fani hii hakuna mtu anayeiona nchi nzima kwa mara moja. Nyakinywa haioni, wenzake hawaioni, na hata msimulizi, ambaye anajua mwisho, hana pa kusimama ili aitazame kutoka juu. Kila mmoja yuko chini, kati ya kituo alichokiacha na kituo anachokiendea.

Kisha kuna majina ya mahali. Msomaji wa leo akikutana na orodha ya vituo katika historia za Mara ya Kusini huharakisha macho, akitafuta mahali ambapo “kisa” kinaendelea. Ni kosa la usomaji, na limewaponza hata watafiti waliokuja na maswali ya tarehe na majina ya watawala. Shetler, aliyekusanya simulizi za magharibi ya Serengeti katika miaka ya 1990, alieleza baadaye katika kitabu chake *Imagining Serengeti* cha mwaka 2007 kwamba wazee hawakupanga kumbukumbu zao kwa miaka. Walizipanga kwa mahali. Ukimuuliza mzee lini, anakujibu wapi. Majina ya vilima, ya mito, ya mahame yaliyoachwa vizazi vingi nyuma, ndiyo yaliyoishikilia historia isisambaratike.

Kwa hiyo orodha ya vituo ni uti wa mgongo wa simulizi yenyewe. Tazama inavyofanya kazi. Haitoi umbali. Kipimo chake ni usiku: mahali pa kulala, halafu mahali pengine pa kulala. Mahali pa kulala panataka maji, na kwa hiyo orodha ya majina, hata pale isipotaja maji kabisa, ni orodha ya maji. Mtu wa Itilima anayejua ukame wa Septemba, wakati malambo yamekauka na ng'ombe wanapelekwa mbali, ataisoma orodha hiyo kwa jicho tofauti na mtu anayeisoma maktabani. Atajua pia kwamba orodha hiyo ni ya majira fulani ya mwaka, kwa sababu kituo kinachofaa wakati wa masika huenda kisifae wakati wa kiangazi. Na katikati ya majina mawili kuna kimya. Kimya hicho ndicho pori. Fani hailitaji kwa sababu hakuna aliyelala humo, lakini kila msikilizaji anajua kwamba lilivukwa.

Sasa tuiweke simulizi juu ya ardhi. Njia yoyote ya nchi kavu kati ya Kanadi na Chamuriho inaelekea kaskazini, na mito ya upande huo inatiririka kuelekea magharibi, kwenda Ziwa Viktoria. Msafiri lazima avuke Mbalageti, kisha avuke Grumeti. Kati ya mito hiyo miwili ndipo ulipo ule mkono mrefu wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unaonyooka kuelekea ziwani hadi karibu na lango la Ndabaka, unaojulikana kama ushoroba wa magharibi. Nyumbu huupita kati ya Mei na Julai wakiwa katika mzunguko wao wa kila mwaka. Pembeni yake yako Mapori ya Akiba ya Grumeti, Ikorongo na Kijereshi, na kusini yake liko la Maswa.

Kwa maneno mengine, mwendo wa Nyakinywa na mwendo wa nyumbu inapishana kama nyuzi za mfumaji, mmoja ukienda huku na mwingine ukikatiza. Ushoroba umechorwa kwa uzi mmoja tu. Mnyama aendaye magharibi anaukuta ukiwa njia, na binadamu aendaye kaskazini anaukuta ukiwa ukuta. Siku hizi mtu wa Nkoma mwenye ndugu Ikizu hupanda basi kupitia Bariadi hadi Lamadi, halafu hushika barabara kuu ya Mwanza na Musoma kwenda Bunda, akiuzungukia mdomo wa hifadhi kandokando ya ziwa. Hilo si tatizo kwa anayetaka kufika tu. Lakini majina ya vituo vya ndani hayatajwi na kondakta, na jina lisilotajwa na anayepita huishi kizazi kimoja au viwili tu.

Rudi kwenye simulizi, pale wasafiri wanapofika. Fani inabadilika ghafla. Msururu wa vituo unakatika, na badala yake tunapata watu wawili waliosimama uso kwa uso, moto huku na mvua kule. Kinachonivutia hapa ni namna pambano hili linavyoendeleza mwendo kwa njia nyingine. Moto ni kitu cha mahali: unauwasha hapa, unaota hapa, unachoma nyama hapa. Mvua haina mahali. Inatoka kwingine, inapita, inakwenda. Mwanamke aliyetembea analeta kitu kinachotembea, na mwanamume aliyemsubiri anakilinda kitu kilichotulia. Mvua inaposhinda, kinachoshinda ni ile sehemu ya kwanza ya simulizi, ile ya miguu, ambayo msomaji mwenye haraka aliiona kama utangulizi.

Ubunifu huu unaonekana wazi zaidi ukiilinganisha na simulizi za majirani. Kwa Wanata, mwindaji ndiye anayetangatanga porini, na mwanamke mkulima ndiye anayekutwa. Waikizu wamepindua mpangilio huo. Wamempa mwanamke barabara na mwindaji wamemketisha. Baada ya hapo hawakuona ajabu kuhesabu wanawake miongoni mwa watemi wao wa mwanzo. Nadhani uamuzi huu wa kifani, wa nani atembee na nani akutwe, una uzito zaidi kuliko hotuba yoyote juu ya mamlaka ambayo simulizi ingeweza kuitoa. Na ulihitaji mahali pa kutokea. Ulihitaji Kanadi iwe mbali kiasi cha kuufanya mwendo uwe na heshima, na iwe karibu kiasi cha kuufanya uaminike.

Serengeti ina kazi nyingine ya sanaa iliyoisimulia dunia nzima habari zake, nayo imejengwa kwa fani iliyo kinyume kabisa. Ni filamu ya Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, *Serengeti darf nicht sterben*, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu mwaka 1960. Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia, wakaruka juu ya nyanda kwa mistari iliyolingana, wakahesabu. Hesabu yao ilitoa wanyama wakubwa 366,980, nyumbu wakiwa 99,481 kati yao. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro.

Naiheshimu filamu hii. Iliwafanya watu wa miji ya mbali waijali ardhi ambayo hawakuwahi kuikanyaga, na iligundua, tena kwa gharama kubwa, jambo lile lile ambalo nimekuwa nikilieleza: kwamba wanyama hawakai ndani ya mistari. Akina Grzimek walihesabu na kuwawekea wanyama alama wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikichora upya mipaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, na walionyesha kwamba makundi yalikwenda nje ya mipaka iliyopendekezwa. Kwa maudhui, basi, filamu inatetea mwendo.

Lakini fani yake inasema jambo jingine. Kamera ya angani huiona nchi yote kwa wakati mmoja, na nchi inayoonekana yote kwa wakati mmoja inageuka kuwa eneo. Ina kingo. Ina ndani na nje. Kilicho ndani kinaweza kuhesabiwa hadi mnyama wa mwisho, na ile namba 366,980, isiyo na sifuri za kukadiria, ni fani yenyewe ikijitangaza: jicho limeona kila kitu. Hesabu za miaka ya 1970, baada ya sotoka kutoweka kwa chanjo ya ng'ombe, zilipata nyumbu zaidi ya milioni moja. Ongezeko hilo halikuwa kosa la akina Grzimek. Linaonyesha tu kwamba picha ya mara moja, hata iwe sahihi namna gani, haina -ka-. Haiwezi kusema nini kilifuata nini.

Na angalia nani anatembea katika filamu hiyo. Watu wa magharibi ya hifadhi wanaingia kwenye picha kwa sura moja, sura ya majangili wenye mitego ya waya. Ujangili ulikuwepo, na ukatili wa waya hauna utetezi. Hata hivyo, fani ya angani haikuwa na nafasi ya mtu wa aina nyingine. Mtu aliye peke yake katikati ya eneo, akionekana kutoka juu, hana alikotoka wala anakokwenda. Kwa kuwa hana vituo, hana sababu ya kuwepo pale, na jina pekee linalobaki la kumwita ni mhalifu. Nyakinywa na wenzake wangepita chini ya ndege ile wangeonekana hivyo hivyo.

Mtu atasema kwamba miguu peke yake inatosha kuleta ukweli. Haitoshi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alipita Ngorongoro Machi 1892 akiwa na msafara wa wapagazi, akavuka nyanda za Serengeti hadi ziwani. Alitembea kila hatua, na aliwaona kwa macho yake Wamasai waliokuwa wakifa njaa baada ya sotoka kuua ng'ombe wao. Lakini kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1894 kinasema alikuwa akienda kwenye chanzo cha Mto Nile kwa kupitia Umasaini, na kitabu kinatembea hivyo hivyo, kila kituo kikitumikia chanzo kilichoko mbele. Mwandishi alijua anakokwenda kabla hajaondoka. Nyakinywa, katika fani aliyopewa na Waikizu, hakujua.

Haki pia inataka tuitazame simulizi ya Ikizu bila kuipendelea. Orodha ya vituo ni dai. Ukoo unaotaja mahali walipolala wahenga wake unasema vilevile kwamba una neno juu ya mahali hapo, na utemi unaosimuliwa kwa mwendo wa mwanzilishi wake unajihalalisha kwa kila jina linalotajwa. Mturi na Sasora waliandika wakijua hayo, katika nchi ambayo mapori ya mababu zao yalikuwa yamekwisha kuwa hifadhi. Dai hilo haliiharibu sanaa. Linaieleza. Mtu hukariri majina kwa umakini mkubwa pale anapohofu kwamba yanachukuliwa.

Sheria za Tanzania zimeanza kuikaribia fani ya mwendo, ingawa kwa mnyama tu. Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori zinazungumzia shoroba, maeneo ya mtawanyiko na njia za kuhama, na tathmini iliyotolewa mwaka 2022 ilitambua shoroba 61 nchini. Hii ni hatua kubwa ukilinganisha na ramani za mwaka 1959. Nchi imekubali kwamba pana ardhi ambayo thamani yake iko katika kupitwa. Lakini ushoroba ukichorwa kama poligoni kwenye karatasi unarudi kuwa eneo lile lile la kamera, jembamba zaidi tu. Mkulima wa pamba au mtama wa karibu na Maswa, ambaye tembo hutoka porini usiku kuingia shambani mwake, hajui ushoroba kwa poligoni. Anaujua kwa mpangilio: walianza kuonekana wapi, wakanywa wapi, wakapita shamba la nani kabla ya lake. Akisimulia kesho yake asubuhi, anasimulia kwa -ka-.

Na asidhani mtu kwamba watu wa Usukuma hawajui mipaka. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, yakafunguliwa kiangazi mifugo inapozidiwa. Ni mpaka unaofungwa na kufunguliwa kwa majira. Nikiutazama kama fani, ngitili iko karibu zaidi na simulizi ya vituo kuliko ilivyo karibu na ramani ya hifadhi, kwa sababu haiwezi kuelezwa bila kusema lini. Naona ajabu kwamba mbinu hii inasifiwa sana katika habari za kurudisha miti na malisho, na kutajwa kwa nadra pale inapojadiliwa njia ya tembo, ambayo nayo ina miezi yake.

Kuna pengo moja katika maandishi tuliyo nayo, na linaonekana vizuri ukiwa upande wa Nkoma. Kitabu cha 2003 ni cha historia za Mara ya Kusini. Kinamwona Nyakinywa kwa macho ya waliompokea, na Kanadi inaingia katika sentensi ya kwanza ili iachwe. Simulizi ya upande huu ingekuwa na fani nyingine kabisa. Isingekuwa na kufika. Ingeanza na waliobaki, na ingelazimika kueleza kwa nini mwanamke mwenye siri ya mvua aliruhusiwa kuondoka.

Tena upande huu una mwendo wake mwenyewe wa kuulinganisha na ule. Wasukuma walikuwa wakienda kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, wakikatiza nchi ambayo sasa imegawanywa kati ya mapori ya akiba na Ngorongoro. H. S. Senior aliandika habari za misafara hiyo katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1938. Safari ya chumvi inaelekea mashariki wakati ya Nyakinywa inaelekea kaskazini, na fani yake ina kitu ambacho ya Nyakinywa haina, nacho ni kurudi. Vituo vinatajwa mara mbili, mara ya pili kwa mpangilio uliopinduliwa na mzigo kichwani, na kituo kilichokuwa chepesi wakati wa kwenda kinaweza kuwa kigumu wakati wa kurudi. Mwandishi wa Nkoma atakayekaa na wazee na kuandika kwa Kiswahili, kama Mturi na Sasora walivyofanya, aanzie hapo. Aandike majina ya mahali walipolala watu wa chumvi, kwa mfuatano wa kwenda na wa kurudi, na kando ya kila jina aandike mwezi waliopita na maji waliyoyakuta.